Gari linachemka mjini na kutulia barabarani: usifungue hedi bado

Msomaji wa Muyeye, Malindi, ametuandikia hivi: "Nina Toyota NZE, injini ya 1NZ. Nikiwa mjini kwenye msongamano wa soko mshale wa joto unapanda, na nikiwasha AC ndio basi kabisa. Nikishika njia ya Mambrui kwenda kazini Gongoni, unarudi mahali pake. Fundi wa kwanza alitoa thamostati akaitupa, akafunga rejeta ya mtumba. Bado. Kila siku mbili naongeza kama nusu lita ya maji, ya kisima cha nyumbani. Fundi wa pili anasema gasketi ya hedi imekwenda, niandae pesa ya kufungua injini. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, usitoe hata shilingi ya kufungua injini mpaka umalize vipimo nitakavyokueleza hapa. Vingi havina gharama, na kadhaa unaweza kuvifanya mwenyewe uani. Umeleta mambo mawili ndani ya swali moja, na mafundi wako wameyafanya kuwa jambo moja. La kwanza ni kwamba injini inachemka gari likiwa polepole na kutulia likikimbia. La pili ni kwamba maji yanapungua. Huenda chanzo ni kimoja, huenda hayahusiani kabisa, kwa hiyo kila moja lipimwe peke yake.

Wakati gari linapochemka ndio unaomwonyesha fundi pa kuanzia. Likienda kilomita 80 kwa saa, upepo wenyewe unapita kwenye rejeta, feni haina kazi kubwa. Likisimama nyuma ya tuktuki sokoni, hewa yote inategemea feni. Kwa hiyo gari linalochemka likisimama na kupoa likikimbia, mshukiwa wa kwanza ni feni na njia ya hewa. Lingekuwa linatulia mjini na kuchemka kwenye lami ndefu au likibeba mzigo, ningekuelekeza kwenye mirija ya rejeta iliyoziba, pampu ya maji au thamostati (vali inayofungua njia ya rejeta maji yakipata moto) iliyokwama, maana hapo hewa ipo ila maji hayazunguki ya kutosha. Na gari ambalo maji yake yanasukumwa nje dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, hilo ndilo la kushuku mwanzo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na sehemu ya chini ya injini. Kwa maelezo yako, lako haliko huko.

Basi anza na feni, injini ikiwa baridi. Washa gari, washa AC, fungua boneti utazame. Feni ya rejeta inatakiwa ianze kuzunguka ndani ya sekunde chache. Kisha zima AC, liache gari lingurume papo hapo bila kukanyaga mafuta mpaka lipate moto. Maji yakifika takriban digrii 93 hadi 98, feni ijiwashe yenyewe, na ijiwashe kabla mshale haujatoka mahali pake pa kawaida. Ikizunguka kwa AC lakini haizunguki kwa joto, mota na waya zake ni nzima, na shida iko kwenye sensa ya joto la maji au plagi yake. Isipozunguka kwa vyote viwili, tazama fyuzi ya feni ya rejeta, kwenye Toyota huandikwa RDI, kisha rilei yake. Rilei ipime kwa kubadilishana na nyingine ya aina ile ile kwenye kisanduku hicho hicho. Bado kimya? Chomoa plagi ya feni uipe mota umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mbili, sekunde chache tu. Ikikataa hapo, kaboni za mota zimekwisha au mota imeungua.

Lakini feni kuzunguka hakutoshi, na hapa ndipo mafundi wengi wa kwetu pwani wanapopitwa. Hewa ya chumvi huingia kwenye plagi na kwenye ethi, pale waya unapofungwa kwenye bodi, inaota kutu ya kijani, umeme unapita kwa shida. Feni inazunguka, ila kivivu. Chukua mita ya umeme, pima volti za betri gari likiwa limewashwa, halafu pima kwenye plagi ya feni ikiwa imechomekwa na feni inazunguka. Tofauti ikizidi volti 1, safisha pini na ethi kwa msasa laini, kaza, paka vaselini. Baada ya hapo fanya jaribio la karatasi: shika karatasi mbele ya grili, AC ikiwa imewashwa. Karatasi ivutwe na kubanwa. Ikisukumwa kuja kwako, feni inazunguka kinyume, jambo linalotokea mtu akiunga waya upya akageuza chanya na hasi. Feni hiyo inapigana na upepo badala ya kuuvuta.

Na kwa kuwa rejeta yako ilibadilishwa, angalia kama lile kasha la plastiki linaloizunguka feni limerudishwa, na limekaa bila mwanya. Si pambo. Bila kasha, feni huzungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti na kuacha kona za rejeta bila upepo. Ndio maana AC inakumaliza: kondensa yake, ile kama rejeta ya AC yenyewe, imekaa mbele ya rejeta na inamwaga joto lake humo humo, kwa hiyo feni dhaifu inalemewa mara mbili.

Sasa mapezi, zile bati nyembamba katikati ya mirija. Wewe unakwenda Gongoni kila siku, kwenye mashamba ya chumvi, barabara za pembeni zina vumbi na pepo za kaskazi ni kavu. Vumbi na majani huingia kati ya kondensa na rejeta, mahali usipopaona ukisimama mbele ya gari. Mulika tochi kutoka upande wa injini: mwanga utokee upande wa pili kila mahali. Panapokuwa giza pameziba. Osha kwa maji ya kawaida ya mpira, kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa nguvu ndogo, maana mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi. Halafu gusa kwa ncha ya kidole, hasa sehemu ya chini ambako maji ya barabarani hurukia. Kwenye rejeta nyingi za hapa, pezi lililoonekana zima linavunjika likawa unga wa kijivu cheupe, na mrija unabaki uchi. Mrija bila pezi haupozi kitu hata ukiwa umejaa maji safi. Rejeta ya mtumba iliyokwisha kukaa pwani miaka kadhaa mara nyingi iko hivi, na hakuna kuosha kutakakoifufua. Kama yako ni hiyo, ibadilishe.

Tuje kwenye nusu lita kila siku mbili. Mfumo wa maji wa gari umefungwa, maji hayana ruhusa ya kupungua. Injini yako, pamoja na rejeta na hita, hubeba takriban lita 5 hadi 6, kwa hiyo kwa wiki moja unapoteza karibu theluthi yake. Hilo si dogo, na kuongeza maji si dawa.

Kipuri cha kwanza cha kushuku ni kifuniko cha rejeta. Juu yake kuna namba, kwa kawaida 1.1 au 0.9, ndiyo shinikizo kinalolishikilia. Maji matupu hapa Malindi, usawa wa bahari, huchemka kwa digrii 100. Chini ya kifuniko kizima cha 1.1 hayachemki mpaka yapite digrii 120. Kifuniko kikichoka, maji yanachemka kwenye joto ambalo injini ingelihimili bila shida, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, chupa inafurika, yanamwagika barabarani bila wewe kuona. Umeona, basi, kwamba kitu hicho kidogo kinaweza kuleta malalamiko yako yote mawili. Kina vali ya pili pia, ya kurudisha maji kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Ukikuta mpira wa juu wa rejeta umefyonzwa ukabonyea asubuhi, vali hiyo imekwama, au kipaipu cha kwenda kwenye chupa kimeziba. Kama kungekuwa na kitu kimoja cha kununua bila hata kupima, ningesema kifuniko kipya chenye namba ile ile iliyowekwa na mtengenezaji. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua rejeta au mpira.

Baada ya hapo pima kuvuja. Fundi mwenye vifaa ana pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa kifuniko. Injini ikiwa baridi, ajaze shinikizo mpaka namba ya kifuniko, baa 1.1 ni kama pauni 16, asipitishe, aiache robo saa. Geji ikishuka, kuna mahali panavuja na patafutwe kwa tochi: kwenye maungio ya mipira, kwenye mshono wa tangi la plastiki na alumini ya rejeta, kwenye plagi ya kumwagia maji. Tazama kwa makini pampu ya maji. Kwenye 1NZ pampu iko nje, inazungushwa na belti moja na alternata, na chini ya ekseli yake kuna kitundu kilichowekwa makusudi: sili ikifa, maji hutokea hapo kabla hayajaharibu beringi. Alama ya ukoko mweupe au wa waridi unaoanzia kwenye kitundu hicho inatosha kuihukumu pampu, hata kama leo pamekauka. Na ndani ya gari, papasa zulia la miguuni kwa abiria wa mbele. Likiwa na unyevu wenye utelezi na harufu tamutamu, hita inavuja.

Tafadhali usitie unga wa kuziba, wala bizari, wala ute wa yai. Vinaziba kitundu kwa wiki moja na kuziba mirija ya rejeta na hita kwa maisha yao yote.

Gasketi ya hedi nayo ina vipimo vyake, na mtu anayekuambia imekwenda bila kukuonyesha hata kimoja anakisia. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji hadi mdomoni, washa. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa tu. Vikiendelea bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Ukiwasha kifuniko kikiwa kimefungwa na mpira wa juu ukawa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado vuguvugu, hilo ni shinikizo la silinda, halitokani na joto. Kuna pia dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta: gesi ya moshi ikipita humo inageuka njano. Hicho ni kipimo ninachokiamini kuliko maneno ya mtu yeyote. Pima mbano wa silinda zote nne vilevile. Tofauti kati yao isizidi baa 1. Oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa ni dalili nzito, ila utando mwembamba wa aina hiyo chini ya kifuniko cha oili, kwa gari la safari fupifupi, mara nyingi ni unyevu tu. Tazama oili kwenye kijiti.

Thamostati iliyotupwa inunuliwe nyingine. Wengi wanaamini nchi ya joto haihitaji thamostati, na hilo limeua injini nyingi. Ya 1NZ ina sahani mbili. Maji yakipata moto, sahani ya kwanza inafungua njia ya rejeta, na ya pili inaziba njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka injini bila kuonana na rejeta. Asubuhi, kinyume chake, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaongeza petroli, na oili inachafuka mapema. Kwa hiyo fundi alikuondolea kitu kinachosaidia kupoza.

Hiyo mpya ipime jikoni kabla ya kuifunga. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na pembeni weka kipimajoto cha kupikia. Washa moto mdogo. Mpaka digrii 78 hivi iwe imefunga kabisa. Kati ya 80 na 84 utaona mstari mwembamba wa mwanga unafunguka pembezoni mwa sahani, na ikifika 95 iwe imefunguka kiasi cha milimita 8 hadi 10. Isipofunguka, au ikifunguka nusu ikakwama, irudishe dukani. Wakati wa kuifunga, kile kipini kidogo kinachocheza kielekee juu ili hewa ipate pa kutokea, na mpira wake wa kuzunguka uwe mpya.

Sasa maji yenyewe, na hapa nakusihi unisikilize. Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi, na chumvi hula alumini: rejeta, mapanga na nyumba ya pampu, hata hedi. Maji hayo hayo yana chokaa iliyoyeyuka, na kila yanapopata moto huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ukoko huo unakaa ukutani mwa mirija na kuzuia joto lisitoke. Na kwa kuwa gari lako linavuja, kila nusu lita unayoongeza inaleta chumvi na chokaa mpya. Maji ya bomba ya kutoka Baricho ni afadhali kuliko ya kisima, ila nayo ni ya dharura tu.

Kinachotakiwa ni kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (yaliyogeuzwa mvuke yakakusanywa tena, hayana chumvi wala chokaa). Sisi hatuna barafu ya kuogopa, kwa hiyo hata sehemu moja ya kulanti kwa mbili za maji inakubalika, ila chini ya hapo dawa ya kuzuia kutu inakuwa haba mno. Soma chupa: nyingine zimeshachanganywa na hazitaki kuongezwa maji. Toyota hutumia ya rangi nyekundu au ya waridi. Usiichanganye na ya kijani usiyoijua, maana baadhi zikikutana huganda. Na ukienda dukani kuomba "maji ya betri", hakikisha unapewa maji yaliyotoneshwa ya kuongezea, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwa jina hilo hilo. Asidi kwenye rejeta ni msiba.

Kabla ya kujaza, osha ndani. Mwaga yote injini ikiwa baridi, jaza maji safi, washa na hita ikiwa kwenye moto wa mwisho mpaka feni ijiwashe, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe, na mara ya mwisho tumia yaliyotoneshwa. Asikuletee mtu soda ya kuzibulia mabomba, inayeyusha alumini. Kulanti ya zamani kinga kwenye ndoo, usiiache uani: ina utamu, na paka au mbuzi akiilamba anaweza kufa.

Ukijaza, egesha gari pua ikiwa juu kidogo, hita moto, kifuniko wazi, mimina polepole. Washa, minya mpira wa juu mara kwa mara utoe hewa, ongeza maji yakishuka, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Hewa iliyobaki kwenye hedi huchemsha injini nzima kana kwamba ni mbovu, na watu wameshafunguliwa injini kwa sababu hiyo tu.

Mpaka ufanye haya, ukiona mshale umeanza kupanda ukiwa njiani: zima AC, fungua hita kwa nguvu zote na madirisha yote, tafuta pa kuegesha. Mshale wa Toyota umetengenezwa usichezecheze, kwa hiyo ukiuona umetoka katikati, joto limeshapita kiasi. Ukikaribia nyekundu, zima injini. Usifungue kifuniko kabla ya dakika 40 kwa uchache. Mvuke wake unababua uso. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi ya alumini inapinda. Na mshale ukishuka ghafla baada ya kuwa juu, usishukuru haraka: maji yakiisha, sensa inabaki hewani na haisomi joto la chuma. Simama uangalie.

Mwisho, tia alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba, na kwa siku saba tazama kila asubuhi kabla ya kuwasha. Maji yakibaki pale pale, kazi imekwisha. Yakishuka, na pampu ya kupimia inaonyesha hakuna pa kuvuja nje, na dawa ya bluu ikageuka njano, basi fundi wa pili alikuwa sahihi na hedi ifunguliwe. Hapo mtake apeleke hedi kupimwa kwa rula ya chuma: ikiwa imepinda zaidi ya milimita 0.05 ikwanguliwe kwa mashine, si kwa msasa wa mkono. Atumie gasketi mpya na bolti mpya za hedi, kwani hizo huvutika zikikazwa, na azikaze kwa spana ya kipimo, kwa hatua na mpangilio wa kitabu cha injini, akianzia katikati kwenda nje. Asiye na spana ya kipimo usimpe kazi hiyo.